Mjane wa Mtu Asiyezikwa

Sehemu ya Sita

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha nje ya mahakama ya Kasongo, viatu mkononi kwa sababu ya matope, nikimtazama mama mkwe wangu akishuka kwenye pikipiki. Kwa yule anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa kifupi, maana mimi mwenyewe sina moyo wa kurudi nyuma.

Naitwa Amisa. Mume wangu Musafiri alikuwa agronomu wa serikali, mtu wa kupita vijijini kuonyesha watu mbegu za mpunga. Asubuhi moja alishika njia ya Salamabila, na siku hiyo watu wenye silaha wakashambulia kijiji kilichoko njiani. Pikipiki yake ilikutwa imelala kando ya kijito. Yeye hakuonekana, wala maiti yake, wala hata shati lake. Toka hapo mpunga umevunwa mara tatu.

Mwaka huu serikali ikatangaza msaada kwa wajane wa watumishi wake waliokufa katika fujo zile. Nikaenda kuomba. Nikaambiwa kwamba mimi si mjane bado. Hakimu atamke kwanza kwamba Musafiri amekufa, na hakimu hatamki kitu mpaka ukoo wa Musafiri ushuhudie.

Shemeji yangu Djuma alikubali. Mama yao, Mama Feza, alinifukuza kwake Kabambare mbele ya majirani. Alisema nataka kumuuza mwanawe kwa serikali.

Na sasa huyo hapo, kitambaa cha kichwa kimerukiwa na matope, bila kuitwa na mtu.

"Asalaam aleikum, mama."

Aliitikia salamu. Mkono hakunipa.

"Mama, umekuja kunisaidia ao kuniangusha?"

"Nimekuja kusikia na masikio yangu namna munamuzika mutoto wangu bila kaburi."

"Sauda amerudishwa kutoka masomo, mama. Mudogo wake anakohoa toka mwezi wa Ramadani. Tunakula mara moja."

"Wale watoto ni wa Musafiri. Akirudia, atawaangalia."

"Akirudia lini?"

Alinipita kama mlango ulioachwa wazi, akaingia ndani.

Mimi nilibaki nje kidogo nikivaa viatu, nikivua, nikivaa tena. Djuma ndiye aliyekuja kunishika bega. "Shemeji, ingia. Wanakuita."

Hakimu alikuwa kijana mwenye miwani, mgeni wa mji wetu. Alimsikiliza Djuma juu ya pikipiki na kijito, juu ya ndugu waliotafuta porini mpaka wakakata tamaa. Aliuliza maswali machache. Halafu akaita jina la mama.

"Musafiri ni mutoto wako?"

"Nilimuzaa mie mwenyewe. Hakuna mutu alinisaidia."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka.

"Pole, mama. Lakini lazima nikuulize. Kadiri unavyojua, iko muzima ao alikufa?"

Mama Feza hakumtazama hakimu. Alinitazama mimi. Toka niolewe sikuwahi kutazamwa vile na mwanamke yule: hasira haikuwamo, wala huruma. Alikuwa kama anapima mzigo kabla ya kuunyanyua. Akafungua kinywa.

"Samahani, hakimu."

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Mwanaume mmoja alikuwa amesimama, kofia mkononi. Tulimfahamu wote kwa sura: Yakubu, mchuuzi anayepeleka chumvi na mafuta ya taa Salamabila. Alikuwa pale kungoja kesi yake mwenyewe, ugomvi wa mapipa ya mawese.

"Mie sikuitwa," akasema. "Lakini siwezi kunyamaza na Mungu iko ananiona. Ule Musafiri wa kilimo, mie nilimuona. Soko ya Salamabila, mwezi uliopita."

Nilisikia Djuma akivuta pumzi.

"Ulimuona akifanya nini?" hakimu akauliza.

"Alikuwa ananunua chumvi. Ndevu zilikuwa mingi, sikuwa na hakika. Nikaita: Musafiri! Akageuka. Kisha akaacha chumvi yake palepale juu ya meza, akapotea katikati ya watu."

"Basi hauna hakika."

"Hakimu, ile chumvi alikuwa ameisha kuilipa."

Mama Feza alipiga vigelegele. Ndani ya mahakama, mbele ya polisi na bendera, alipiga vigelegele kama bibi aliyepata mjukuu, akamkimbilia Yakubu, akamshika mikono yote miwili, akaibusu. Hakimu aligonga meza. Kesi ikaahirishwa mpaka ukweli wa habari ile ujulikane.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja.

Sikufurahi.

Nimejaribu kujidanganya kwamba ilikuwa mshtuko. Haikuwa mshtuko. Nilimsikia mtu akisema mume wangu ni mzima, mume niliyemlilia mpaka macho yakaota ukungu, na neno la kwanza lililopita moyoni mwangu lilikuwa: nyamaza wewe! Nilitamani Yakubu akae chini. Nilitamani awe amechelewa njiani, awe ameugua siku ile. Nilimwona Sauda amevaa nguo za masomo, halafu nikamwona anavuliwa.

Mama Feza aligeuka, akaniona usoni. Nadhani alisoma yote.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mpaka biro ya msaada, ile ofisi ya serikali, mbiombio, jasho likinitiririka. Mama Carine, mkubwa wa biro ile, alinifahamu kuliko nilivyopenda kufahamiwa. Alikuwa amesimama kando ya meza, rundo la dosie, mafaili ya wajane, mkononi, akizifunga kwa kamba.

"Nasikia," akasema. "Habari zimenifikia mbele yako. Niseme pole ao niseme hongera?"

"Useme dosie yangu inaenda."

"Mama Sauda, kaa kwanza."

"Sitaki kukaa."

"Basi usimame." Aliweka kamba chini. "Hizi zinapanda Kindu kwa wakubwa, Ijumaa ya kesho kutwa. Zingine zitafuata mwisho wa mwezi. Kisha pale, orodha inafungwa. Bwana wako kama alikufa, uniletee maneno ya hakimu. Kama iko muzima, akuje yeye mwenyewe, aeleze kwa nini aliacha kazi. Mie niko na sanduku mbili tu: wafu na wazima. Mwenye iko katikati, sina pa kumuweka."

"Watoto wangu nao niwaweke wapi?"

Alichota maji ya mtungi, akanipa, akasimama dirishani mpaka nilipomaliza kunywa. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mama Sauda. Mwisho wa mwezi. Nitaiacha yako juu, nisiisahau."

Nyumbani nilimkuta Mama Feza ameshajitwisha furushi lake.

"Tunaenda Salamabila," akasema. "Mie na wewe."

"Mama, mie nina watoto."

"Djuma atakaa nao. Usipokuja, nitajua kama ulimuzika kweli ndani ya roho."

Na mimi nilitaka kumwona, kwa sababu zangu. Nilitaka nimuulize swali moja tu, halafu arudi alikotoka, mbinguni au sokoni.

Yakubu alitusaidia mno. Sikuwahi kuona mchuuzi mwenye huruma ya namna ile. Alikuwa anarudi na mzigo wake, akatutafutia dereva wa pikipiki mtulivu, akasema malipo tutaongea siku nyingine. Kila daraja bovu alisimama, akamshika mama mkono, akamvusha kwanza. Kule Kabambare tulilala kwa Mama Feza, Yakubu akalala nje na mizigo. Siku ya pili, kabla ya magharibi, tulikuwa Salamabila, nyumbani kwa Yakubu, mkewe akituandalia sombe na samaki.

Kesho yake tulizunguka mji ule mpaka miguu ikavimba. Tuliuliza sokoni, tukauliza kwa wanunuzi wa dhahabu, tukauliza vijana wanaorudi kutoka mashimoni wamejaa udongo mwekundu. Musafiri? Hapana. Mtu wa ndevu, mrefu, anajua mambo ya mpunga? Hapana, mama. Wengine walitutazama kwa jicho baya nilipotaja jina, wakaondoka bila kuaga. Sikuelewa kwa nini.

Jioni Yakubu aliuliza: "Mumepata kitu?"

"Hapana, baba."

"Musichoke. Mama anajua mutoto wake anaweza kukimbilia wapi."

Alisema vile kwa upole, akimtazama Mama Feza, akimwongeza samaki.

Alfajiri Mama Feza alinigusa mguu. "Amka. Nimekumbuka. Kaka yangu alikuwa na shamba ng'ambo ya kijito, mbali na njia. Musafiri alikuwa anaenda kule kila likizo. Kaka yangu alikufa zamani. Hakuna mutu anaenda tena."

"Tumuambie Yakubu atupeleke?"

"Hapana. Mutoto wangu aliacha chumvi ya kulipa. Anaogopa kitu. Tuende sisi wawili."

Tulimwambia mke wa Yakubu kwamba tunatafuta mwenye dawa ya magoti. Tukajiona wajanja. Tulitembea asubuhi nzima, mama mbele na kijiti, mimi nyuma, njia ikizidi kuwa nyembamba mpaka ikawa majani tu. Moyo haukutulia. Mara nilitaka tumkute, mara nilitaka tukute jivu la zamani na miti iliyoota ndani ya nyumba, turudi, niseme mbele ya hakimu: nimetafuta, hayuko.

Tulisikia mchi kwanza. Mtu anatwanga.

Kijumba kilikuwa cha udongo, kipya. Mbele yake mkeka, na juu ya mkeka mpunga umeanikwa, mwingi, wa rangi nzuri. Mwanaume alikuwa ametupa mgongo. Mama Feza hakukimbia kama nilivyodhani. Alisimama, akaegemea kijiti, akamwita kwa Kibangubangu, kwa jina la utotoni ambalo mimi mkewe sikuwahi kulisikia.

Mchi ukaanguka.

Musafiri alikuja mpaka miguuni pa mama yake, akapiga magoti, akaficha uso ndani ya kitenge chake. Mama alimpapasa kichwa, masikio, mabega, kama anayetafuta kilichopungua.

Halafu Musafiri akainua macho, akaniona. "Amisa."

Ninyi mtanihukumu, lakini sitaficha. Sikumwambia karibu, wala sikumwambia Alhamdulillahi. Nilitazama ule mkeka.

"Kumbe unakula," nikamwambia.

Akainamisha kichwa.

"Sauda amefukuzwa masomo. Mudogo wake hajui uso wako. Nimesimama mbele ya biro za watu kama mukosaji, nikiomba waniite mujane. Na wewe unatwanga muchele."

"Amisa, siwezi kurudi."

"Uko na mwanamuke hapa?"

"Hapana! Angalia mwenyewe. Kitanda kimoja, chungu kimoja."

"Basi kwa nini?"

Alimtazama mama yake kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa. Halafu akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Siku ile walinikamata kwenye kijito. Walinibebesha mizigo yao. Wakauliza njia ya nyuma ya kuingia kijijini, ile isiyopita kwa walinzi. Nikasema siijui. Waliniwekea bunduki hapa." Aligusa nyuma ya sikio. "Nilikuwa naijua. Nilipita pale kila mwezi na mbegu."

"Ukaonyesha," nikasema.

"Nikaonyesha."

Mama Feza alifunga macho.

"Niliwaza watu watakuwa wameisha kukimbia. Hawakukimbia. Walikuwa wanakula. Mimi nilisimama na mizigo kichwani, nikaona yote. Wengine waliniona, Amisa. Wenye walipona wanajua ni mimi nilitangulia mbele. Kule Salamabila kuna watu waliapa. Nikirudi Kasongo, kesho yake wako mulangoni. Na watoto wako ndani." Alifuta uso kwa mkono uliojaa pumba. "Uache niwe nimekufa. Uende kwa hakimu, uchukue ule msaada, usomeshe watoto. Ni kitu kimoja tu ninaweza bado kuwapa."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kukaa karibu naye kwenye vumbi lile. Sikufanya hata kimoja.

"Hakimu hatakubali," nikasema. "Mutu mmoja alisimama mbele yake, akasema alikuona sokoni. Ni yeye alitufikisha huku. Yakubu, wa mafuta ya taa."

Musafiri aliinuka polepole.

"Yakubu gani?"

"Yakubu muchuuzi. Mutu muzuri, ametulisha, ametu—"

"Kaka ya Lukumani?"

"Sijui Lukumani."

"Lukumani alikuwa anauza sabuni pale kijijini. Alikufa siku ile." Alitazama majani nyuma yetu. "Amisa, huyo hakukutafutia wewe bwana. Alinipoteza sokoni. Alikuwa anatafuta mutu wa kumuonyesha njia."

Ndipo nilipoelewa zile huruma za madarajani. Nilielewa yale malipo ya siku nyingine, na yule samaki.

"Kimbia," Mama Feza akasema. "Kimbia, mutoto wangu."

Lakini majani yalikuwa yanatikisika tayari, pande zote mbili za kijumba. Walitoka kimya kimya, wanaume niliowaona sokoni, wale wa jicho baya, mapanga mkononi. Yakubu alikuja mwisho. Hakuwa na panga. Alikuwa na kofia yake mkononi, kama siku ile mahakamani.

Hakupiga kelele. Alisimama mbali kidogo na Musafiri, akamtazama sana, halafu akamgeukia mama mkwe wangu.

"Mama Feza, ulikula kwangu, ukalala kwangu. Nakuomba neno moja tu. Sokoni nilimuona dakika ndogo, na hizi ndevu zinanichanganya. Sipendi kumwaga damu ya mutu mwenye si yeye. Niambie. Huyu ni Musafiri, mutoto wako?"

Kumbuka, msomaji, ni nani aliyeulizwa. Mwanamke aliyekataa kuweka matanga. Mwanamke aliyemwekea mwanawe sahani kila siku ya Idi, akaifunika, akaifunua kesho yake bila kula. Aliyenifukuza kwake kwa sababu ya neno moja.

Mama Feza alinyoosha mgongo. Machozi hayakuwepo.

"Mutoto wangu alikufa," akasema. "Alikufa siku ile ya fujo. Pikipiki yake walikuta kwenye mto. Huyu ni mulimaji wa shamba ya kaka yangu. Nilikuja kumuuliza, na yeye hajui kitu."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Yakubu akaja mbele yangu, karibu mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya taa kwenye nguo zake. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Na wewe, Mama Sauda? Kule Kasongo uliomba waandike bwana wako alikufa. Bado unasema vile? Ukisema vile, na uape, mie mwenyewe nitarudi kwa hakimu. Nitamuambia nilikosea uso. Utapata msaada yako."

Basi kila kitu nilichohangaikia kiliwekwa hapo mbele yangu: biro ya Mama Carine, nguo za Sauda, dawa ya kikohozi, na uhai wa mwanaume aliyesimama nyuma yangu. Vyote kwa maneno matatu ambayo nilikuwa nimeyasema mlango kwa mlango mji mzima.

Hayakuwahi kuwa mazito namna ile.

"Wallahi," nikasema. "Mume wangu alikufa."

Yakubu alinitazama machoni. Kisha akapumua, kama mtu anayetua mzigo, akavaa kofia. Akawapungia wenzake mkono. Panga moja likashuka, na jingine. Mmoja wao akageuka kuelekea njiani. Mama Feza alikuwa amenishika kiganja, ananifinya, kana kwamba anasema usigeuke, usimtazame, bado kidogo.

"Yakubu."

Ilikuwa sauti ya Musafiri, nyuma yangu. Sauti ileile iliyokuwa ikiniita kutoka uani. Nilisikia hatua zake zikiacha kivuli cha kijumba na kuja juani.

"Yakubu, ngoja. Mudogo wako Lukumani, mbele ya kufa, aliomba maji. Mie ndiye nilimupa."